Benchi la Jumanne

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza. Haikuja na radi wala upepo, imeshuka tu polepole tangu asubuhi juu ya mlima wetu wa Kibuli. Msikiti umepotea ndani ya ukungu, hata adhana ya adhuhuri nimeisikia kama inatoka mawinguni.

Miaka ishirini na saba nilipiga ngoma kubwa katika bendi ya polisi. Kila siku ya miaka hiyo iliandikwa kitabuni kwa Kiswahili: nani yupo, nani mgonjwa, hali ya hewa, tukio. Nimestaafu, tabia haijastaafu. Daftari hili nimelinunua leo kwa sababu kesho nakwenda kuchukua majibu ya kinyama walichokikata kifuani mwangu, na sina afande wa kumripotia. Mama Rashidah, mke wangu, hajui. Nimemwambia shule imenipa Jumanne zote nifundishe bendi.

Jumanne, 5 Machi

Benchi la kliniki ni refu, la mbao, limekwenda ukuta mzima. Niliwakuta wanawake kumi na watatu wamekaa. Nikasimama karibu na mlango kama askari wa zamu, mpaka mmoja, mwenye kilemba cha zambarau, akasogea akapiga ubao kwa kiganja.

"Kaa, Mzee. Umemleta mama?"

"Hapana."

"Umemleta dada?"

"Nimejileta mwenyewe."

Alinitazama usoni, kisha kifuani, kisha usoni tena. Hakucheka. Akasema, "Basi karibu kwetu," kama mtu anayefungua mlango wa nyumba. Anaitwa Namalwa, mtu wa Bungoma, anashona na kuuza mapazia Bwaise, na benchi hili analijua kwa miaka minne.

Sista alipoita "Swaib!" wanawake wote waligeuka kumtafuta mwanamke mwenye jina hilo. Nikainuka mimi.

Dokta Oloya baba yake alikuwa mwanajeshi, kwa hiyo Kiswahili chake ni cha kambini kama changu. Aliweka karatasi mezani, akaifunika kwa mkono.

"Afande, ni kansa ya titi."

Nilimwambia mimi ni mwanamume.

"Mwanamume naye ana mifereji ya maziwa. Ni michache, midogo sana, iko nyuma ya chuchu. Imelala hapo tangu ulipozaliwa. Ndani ya mfereji mmoja, seli moja ikaharibika. Ilitakiwa kufa, haikufa. Ikajigawa zikawa mbili, zikawa nne. Miaka mingi mtu hasikii kitu. Siku moja zinatoboa ukuta wa mfereji, zinaingia kwenye nyama ya jirani. Hapo ndipo mkono wako ukagusa kitu."

Mkono wangu ulikigusa miaka miwili iliyopita, nikioga. Kilikuwa kama kokwa ya tende, kigumu, hakiumi. Baadaye chuchu ya kushoto ikaanza kuingia ndani kama kitovu. Nilijua sababu. Ngoma kubwa inakaa hapo hapo, ukingo wake unagonga kifua kila hatua, miaka ishirini na saba. Nikamwambia Dokta.

"Ngoma haina kosa," akasema. "Nani mwingine kwenu aliugua hivi? Mama? Dada?"

Nikasema hakuna.

Nilipokuwa nashuka mlima wa hospitali mvua ikinyesha juu ya kofia yangu, nikamkumbuka Kaltuma.

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Mama Rashidah amepika maharagwe. Nimesema ni matamu. Sikuyasikia ladha.

Ijumaa, 8 Machi

Kaltuma alikuwa dada yangu mkubwa. Alikufa Bombo mwaka tisini na moja, na tuliambiwa ni jipu. Mimi nilikuwa safarini na bendi. Niliporudi kumwona mara ya mwisho, nyumba nzima ilikuwa imejaa moshi wa udi, na yeye amekaa katikati ya moshi huo, amejifunga nguo tatu kifuani, ananiuliza habari za gwaride. Nilidhani udi ni wa kufukuza mashetani. Leo ndiyo nimeelewa kwamba ulikuwa wa kufunika harufu.

Sikuandika chochote juu yake mahali popote. Sasa nimeandika.

Jumanne, 12 Machi

Tumeanza kufunga. Wamenipima tumbo kwa mashine ile ya kupitisha juu ya ngozi. Binti wa mashine alipaka kitu cha baridi, akasogeza, akasogeza, na kwenye kioo nikaona ini langu, kijivu, kama Kampala inavyoonekana kutoka mlimani siku ya ukungu. Hakuna kitu humo, akasema. Nilitaka aendelee kutazama.

Jumanne, 19 Machi

Picha ya kifua nayo ni safi. Namalwa alinipigia makofi madogo, vidole viwili juu ya kiganja, tusisumbue wengine.

Nikamuuliza yake ilikwendaje. Anaieleza kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kwao.

"Yangu ilianza hapa." Akagusa upande wa kulia, ambako hakuna titi tena. "Kama punje ya mahindi. Nilikuwa na kazi nyingi, sikuenda popote. Ikatembea na yale maji meupe ya mwilini mpaka kwapani, kwenye tezi. Tezi zinajaribu kuzuia, bambi, maskini, zinavimba, zinachoka. Wakanikata, wakanichoma dawa, nywele zikaenda. Kisha kimya miaka miwili! Nikasema imekufa. Kumbe ilikuwa imepanda damu, imekwenda kulala kwenye mfupa wa paja. Sasa imeamka, imefika kwenye ini."

"Inauma?"

"Paja ndiyo. Ini linanichosha tu. Naota mchana, Mzee. Nashona pazia, nafumbua macho, naona nimeshona usingizini, na mshono umenyooka."

Akacheka. Meno yake ni meupe sana.

Alhamisi, 21 Machi

Mvua toka alfajiri. Mama Rashidah ameniuliza, "Shule gani hiyo inapiga ngoma mwezi wa Ramadhani?" Nikasema tunafundisha nadharia.

Jumanne, 26 Machi

Siku ya kuandika marefu.

Tulikuwa tumekaa, mimi kati ya Namalwa na bibi mmoja wa Masaka, tukingoja kupewa tarehe ya operesheni. Mlango ukafunguka, ukaingia mwavuli, na nyuma ya mwavuli Maimunah mke wangu, amejifunga gurbaba yake ya manjano, ile anayovaa akienda kwenye harusi au kwenye ugomvi. Alikuwa amenifuata tangu Kibuli kwa boda nyingine. Hakunisalimia. Akaanza kutazama benchi mwanzo mpaka mwisho, sura moja baada ya nyingine.

Namalwa akamwuliza kwa upole, "Nnyabo, unamtafuta nani?"

"Namtafuta mwanamke wa mume wangu."

"Chagua," Namalwa akasema. "Leo tuko kumi na watano."

Bibi wa Masaka alikuwa wa kwanza kucheka, kisha benchi zima, na mimi pia, Mungu anisamehe, nilicheka mpaka kidonda cha kipimo kikaniuma. Mama Rashidah akabaki amesimama katikati, maji yanatiririka kutoka mwavulini. Ndipo macho yake yakaanza kuona. Akaona vilemba vyote vile juu ya vichwa visivyo na nywele. Akaona mkono wa mama mmoja uliovimba kama mto wa kulalia. Akaona picha za matiti ukutani. Na sista akatoka na faili, akaita, "Swaib! Ingia, vua shati."

Maimunah, mke wangu wa miaka thelathini na mitano, alifunga mwavuli polepole, akauegemeza ukutani, akaja akakaa mahali nilipoinuka. Niliporudi nilimkuta ameshikana mkono na Namalwa.

Tulipofika nyumbani Maimunah akanivua koti lililolowa, akafungua vifungo vya shati kimoja kimoja, akaitazama chuchu iliyoingia ndani. Akaweka kidole.

"Miaka miwili unalala upande wa kulia," akasema. "Nikadhani umenichoka uso."

Jumatano, 27 Machi

Mama Rashidah amelia akisafisha mchele. Amesema ni vumbi.

Jumanne, 2 Aprili

Operesheni ni tarehe kumi na sita, baada ya Idi. Dokta Oloya ameuliza tena habari za ukoo, na Maimunah alikuwepo, kwa hiyo nikasema ukweli juu ya Kaltuma. Dokta akaweka kalamu chini.

"Una watoto?"

"Binti mmoja. Rashidah. Ana miaka thelathini na mbili, ameolewa Makindye. Ananyonyesha."

"Aje tumwone. Mwanamume akipata kansa hii, na dada yake alikuwa nayo, huenda kuna kasoro kwenye mbegu ya ukoo. Mtoto anaweza kuirithi kwa baba vilevile kama kwa mama. Siyo lazima awe nayo. Lakini aje."

Nje, Maimunah akasimama chini ya paa la bati, mvua ikipiga juu yetu kama mchanga. "Usimwambie," akasema. "Watu wa mume wake watasema tumewapa mwanamke mwenye damu mbaya. Mwache anyonyeshe kwa amani."

Nikakubali. Niandike kwa nini nilikubali: sikumwogopa mke wangu wala wakwe wa binti yangu. Niliona aibu. Baba anamwambiaje binti yake neno titi?

Jumatano, 10 Aprili

Idi. Rashidah amekuja na mtoto, Husnah, ana miezi kumi na moja, ametoka meno mawili ya chini. Alinivuta ndevu. Rashidah alikwenda chumbani kumnyonyesha, akarudi uso umekunjamana, akasema mtoto anauma. Nilifungua kinywa. Maimunah akaniwekea sahani ya pilau mbele.

Jumamosi, 20 Aprili

Niko nyumbani. Kuandika ni kwa shida, mkono wa kushoto hauinuki.

Sikumbuki Jumanne vizuri. Taa kubwa duara, mtu akaniambia nihesabu, nikahesabu kwa mdundo wa gwaride, moja-mbili, moja-mbili, na sikufika nane. Nilipoamka, upande wa kushoto ulikuwa bapa chini ya bandeji, na kamba ya plastiki imetoka ubavuni kwenda kwenye chupa ndogo. Maji yanayotoka ni mekundu mepesi kama kinywaji cha karkade. Maimunah huipima chupa asubuhi na jioni, anaandika kipimo kwenye kipande cha kalenda. Ana mwandiko mzuri kuliko wangu, sikujua.

Jumatatu, 22 Aprili

Mchana nalala, mvua ikilala nami. Dawa za maumivu zina ndoto ndefu. Leo nilikuwa natembea kwenye njia nyembamba yenye kuta laini, kama vichochoro vya mtaani kwetu ila vya joto, na maji meupe yananifika vifundoni. Mbele yangu kulikuwa na mtu. Nilijua ni Kaltuma kwa moshi wa udi. Nikamwita, hakugeuka. Kila tulipofika kwenye njia panda kulikuwa na kituo kidogo chenye walinzi wamesinzia, naye akapita katikati yao taratibu, ameinua chetezo, wala hakuna aliyemuuliza anakwenda wapi.

Nikaamka, Maimunah ameketi kitandani.

"Ulikuwa unamwambia mtu asimame," akasema.

Jumanne, 30 Aprili

Wametoa kamba. Majibu ya nyama: kati ya tezi kumi na mbili walizozitoa kwapani, saba zina kansa. Uvimbe ulikuwa umekula ngozi kwa ndani. Nitaanza vidonge, kila siku, miaka mingi, kwa sababu kansa yangu inakula homoni ya kike. Nayo hiyo, kumbe, mwanamume anayo. Dokta anasema kidonge kinakaa kwenye mlango ambao homoni inaingilia.

Namalwa hakuja. Nafasi yake kwenye benchi hakuna aliyeikalia.

Ijumaa, 3 Mei

Mgongo unauma. Nimelala sana, ndiyo sababu.

Jumanne, 7 Mei

Namalwa hajaja tena. Simu yake haipatikani. Redio inasema Bwaise imejaa maji.

Alhamisi, 9 Mei

Nimekwenda. Maimunah alikataa, kisha akanipa viatu vyake vya mpira.

Kijana wa boda alisimama kwenye barabara ya Bombo, mguu mmoja chini. "Mzee, hapa ndo mwisho. Pikipiki nakunywa maji." Nikaingia kwa miguu. Maji yalikuwa ya kahawia, yametulia, yanafika magotini, na kila kitu kilielea polepole sana: ndala moja, jerikeni, ganda la ndizi. Watu wameweka viti juu ya meza na wenyewe wamekaa juu ya viti, wanazungumza kama kawaida. Nikauliza mama wa mapazia. Wakanionyesha.

Kitanda chake kilikuwa kimeinuliwa kwa matofali. Mapazia yote ya duka yalikuwa yametundikwa juu kwenye boriti yasilowe, ya maua, ya mistari, mekundu, na yeye amelala chini yake kama kwenye hema la sultani. Macho yake yamekuwa ya manjano. Tumbo limevimba, mikono imekonda.

"Afande," akasema, "umekuja na meli?"

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, miguu majini. Kaka yake Wanjala alikuwa njiani kutoka Bungoma kuja kumchukua. Nikamweleza operesheni, tezi saba, vidonge. Nikamweleza mgongo. Hapo akanishika mkono.

"Mwambie dokta habari za mgongo. Usilale nayo."

"Nitamwambia."

"Na binti amekwenda?"

Nilitikisa kichwa. Maimunah alimweleza benchini, Jumanne ile Dokta aliposema Rashidah aje. Akafumba macho muda mrefu, nikadhani amelala.

"Mimi sina mtoto wa kumwambia," akasema akiwa bado amefumba. "Yangu ilipokuwa punje, ndani ya mfereji wake, haijatoka, kama mtu mmoja angeniambia, leo ningekuwa nakuuzia pazia kwa bei mbaya. Kuna wakati inakuwa bado iko nyumbani kwake, Mzee. Haijajua njia. Na wewe umeona aibu ya kusema neno."

Nilimwekea maji ya kunywa karibu. Nilipotoka, mwanga wa mchana ulikuwa umepita kwenye mapazia, na uso wake ulikuwa na maua.

Ijumaa, 10 Mei

Nimemwambia Maimunah kwamba kesho nakwenda Makindye. Akasema nikienda yeye haji. Nikasema sawa. Baadaye akauliza saa ngapi.

Jumamosi, 11 Mei

Tulikwenda wote wawili. Mkwe alikuwa kazini. Rashidah alikuwa sebuleni, Husnah yuko chini ya leso ananyonya, na mvua ya Makindye inapita dirishani kwa mshazari. Alifurahi kutuona, akasema nimekonda, akauliza kama malaria imepona, maana tulimdanganya malaria.

Nilikuwa nimepanga maneno. Njia nzima niliyapanga kwa mdundo. Nilipofungua kinywa yakatawanyika. Nikasema habari za mvua. Nikasema habari za bei ya sukari. Maimunah alikuwa anatazama sakafu.

Nikavua shati.

Rashidah alisema "Baba!" kwa sauti ya mtu aliyeona jambo lisilo la adabu, kisha akaona. Kovu langu linatoka katikati ya kifua mpaka kwapani, bado jekundu, na hakuna chuchu.

"Ni kansa," nikasema. "Kansa ya titi. Shangazi yako Kaltuma alikufa nayo, tukaiita jipu. Dokta anasema huenda nimekupa. Anataka uende ukaangaliwe. Nimejua tangu mwezi wa nne, nikanyamaza kwa aibu. Nisamehe."

Husnah aliacha kunyonya, akachungulia kutoka chini ya leso. Rashidah akamweka mkekani. Akavuta pindo la leso, akalivuta tena. Kisha hakunitazama mimi, alimtazama mama yake.

"Mama, huyu ana meno mawili," akasema. "Nilidhani ananiuma."

Akainuka, akaenda chumbani, akarudi na kitambaa cheupe cha kufutia mtoto. Kilikuwa kimekunjwa mara nne. Alipokikunjua kulikuwa na doa la rangi ya chai, na ndani ya doa, jekundu.

"Linatoka titi moja tu. La kushoto. Tangu Machi. Naviosha, navichemsha, nikasema mtoto akiota meno yote atajifunza kutouma."

Maimunah alichukua kitambaa kile akakibana kifuani kwake kwa mikono miwili. Akaanza kusema, sikuwahi kumsikia akisema hivyo: "Mimi ndiye niliyemzuia baba yako. Ni mimi." Akarudia mara nyingi. Rashidah akaja akamkumbatia, nami nimesimama pale bila shati, mzee wa miaka sitini na mmoja, na mjukuu ameshika mguu wa suruali yangu anajaribu kusimama.

Jumanne, 14 Mei

Rashidah amekaa kwenye benchi. Mahali pa Namalwa. Wamempiga picha, wamekata kinyama kidogo. Mimi nimemwambia Dokta habari za mgongo.

Jumatano, 15 Mei

Mvua.

Jumatatu, 20 Mei

Wanjala amepiga simu kutoka Bungoma. Namalwa amefariki jana adhuhuri. Ameniambia kwamba dada yake alimuuliza kama mtu wa ngoma amekwenda Makindye. Wanjala hakujua jibu. Nikamwambia mimi: amekwenda.

Jumanne, 28 Mei

Jua limetoka. Kuta za hospitali zilikuwa zinatoa mvuke.

Tuliingia pamoja, mimi na binti yangu, faili mbili mezani. Nikasema aanze yeye.

Dokta Oloya alichora. Duara refu, mfereji, na ndani yake nukta nyingi zimesongamana. Akatembeza kalamu juu ya ukuta wa duara, polepole, mzunguko mzima.

"Ziko seli za kansa. Lakini tazama ukuta. Hatujaona palipotoboka. Ziko ndani ya mifereji bado. Zimeenea katika mifereji mingi ya titi hilo, kwa hiyo titi litabidi litoke lote, na tutapima tena baada ya hapo kuhakikisha. Kama ni hivi ninavyoona, Rashidah, hii haijakwenda popote."

Rashidah aliuliza kama kweli ni kansa. Akasema ndiyo, ile ya mwanzo kabisa. Aliuliza maziwa. Akasema mtoto aachishwe kuanzia leo. Hapo ndipo alipolia.

Kisha faili langu. Picha ya mfupa inaonyesha doa kwenye pingili ya pili ya kiuno, na lingine dogo kwenye nyonga. Kansa yangu imefuata damu, imefika mfupani. Haitatoka tena mwilini. Wataichoma kwa miale mgongo upungue maumivu, nitaendelea na vidonge, na Dokta amewaona watu wakiishi miaka kadhaa hivyo. Nilimuuliza kama ningekuja miaka miwili iliyopita. Hakunificha. Akasema, "Huenda isingefika huko."

Rashidah alinishika mkono palepale mbele ya daktari. Tangu awe mwanamwali hajawahi kunishika mkono.

Tulipotoka nilisimama kwenye ngazi za hospitali. Mji wote ulikuwa unang'aa, milima yake imekaribia kama mtu ameivuta kwa kamba, na moshi wa majiko unapanda wima. Nilijua kilichomo mgongoni mwangu na bado nilisikia mwili mwepesi, kama usingizini unapojua unaota na hutaki kuamka.

Ijumaa, 31 Mei

Husnah analia maziwa nyumba nzima. Mkwe amekuja, amekaa na mimi barazani. Nilingoja aseme neno juu ya damu ya ukoo wetu. Akauliza kama mtoto anaruhusiwa kula ndizi ya kuponda.

Alhamisi, 6 Juni

Leo ni Rashidah.

Waliingia naye saa tatu asubuhi. Mkwe alibaki mlango wa chumba cha operesheni kwa sababu hawezi kukaa. Maimunah alikwenda kuswali kwenye kona karibu na dirisha na hakurudi haraka. Nikabaki na Husnah kwenye benchi. Siyo Jumanne lakini wanawake wapo, wengine nawajua. Bibi wa Masaka alinisogezea nafasi.

Mtoto alikataa kikombe. Alikataa ndizi. Alilia kwa muda, kisha akachoka kulia, akaanza kunitafuta. Alisukuma shati langu kwa pua. Akapata mwanya kati ya vifungo, akafungua kinywa, akapita juu ya kovu, huku na huku, kwa bidii kubwa, akipumua kwa nguvu, mahali pasipo na kitu. Bibi wa Masaka akaniambia nimtoe. Wengine wakaanza kucheka kwa sauti ya chini, kisha wakaacha kucheka.

Sikumtoa. Kinywa chake kilikuwa cha moto. Ngozi ile imekufa ganzi tangu operesheni, sikutegemea kusikia chochote pale, ila nilisikia, kwa mbali, kama mtu anagonga mlango wa nyumba ya pili. Akanyonya ngozi kavu. Akainua uso akanitazama, hakukasirika, akarudi tena.

Tulikaa hivyo mpaka sista alipotoka, ameshusha kitambaa cha mdomo.

"Nani yuko na Rashidah?"

Benchi zima likanionyesha.

"Ameamka vizuri. Neno la kwanza ameuliza kama mtoto amekula."

"Mwambie bado," nikasema. "Mwambie anatafuta."